Zafarani Alale Wapi

Mahali pa kwanza pa kupiga kambi palikuwa na majani mabichi na kijito cha maji baridi. Salha alikuwa ameshavua viatu mama yake alipomkataza. Mama alishika kamba ya farasi wao, Zafarani, akasubiri. Farasi akala, akanywa, akabaki wima.

"Vaa viatu, mwanangu. Twende."

Pa pili palikuwa na kivuli na kuni tele. Zafarani akasimama vilevile, masikio juu.

Tangu baba azikwe, mwezi mzima, farasi huyo hakuwa amelala chini hata mara moja. Alisinzia akiwa amesimama, magoti yakimtetemeka, na daktari wa mifugo alishasema wazi kwamba asipolala chini hataishi siku nyingi. Mama naye kitanda alikihama, alilala kitini.

Alasiri wakafika kwenye uwanja mtupu wenye vumbi, nyuma ya tanuri la matofali.

"Hapa, mama?" Salha alikaribia kulia. "Hapa hata mbuzi hafungwi!"

Mama alilegeza kamba. Zafarani alikuwa ananusa ardhi. Akaiparura kwa kwato, akakunja magoti, akajibwaga, akagaagaa miguu yote minne ikiwa hewani. Kisha akatulia kwa ubavu, akafumba macho.

"Shusha mizigo," mama alinong'ona, huku kicheko kikimkatiza. "Polepole, usimwamshe."

Salha alipogeuka na hema begani, alimkuta mama yake amelala mavumbini kando ya farasi, viatu bado miguuni. Akaliweka hema chini bila kulifungua.