Ngao za Raya

Kombo aliingia peke yake kwenye mashindano ya kadi, mara ya kwanza tangu amzike mkewe, Raya. Zamani walicheza timu moja, kila mtu na fungu lake la kadi.

Fungu la Kombo lilikuwa kali, limejaa kadi za kushambulia: majoka na radi. Alimshambulia mpinzani wake, binti mmoja mwenye miwani, hadi akakaribia kushinda. Kisha binti akapiga pigo moja tu, na mchezo ukaisha.

"Baba, kushambulia unajua," binti alisema kwa upole. "Ila huna ngao hata moja. Ukiguswa tu, umekwisha."

"Ngao alikuwa nazo mke wangu."

Aliporudi nyumbani alilitoa kabatini fungu la Raya, ambalo hakuwahi kulipekua. Alikusudia kuchukua ngao mbili tatu, achanganye na kadi zake. Akazigeuza moja baada ya nyingine: ngao, kuta, dawa za majeraha. Kadi ya kushambulia hakuiona. Fungu lile, likiwa peke yake, lisingeshinda mchezo wowote.

Kombo akaifuta meza, akazipanga kadi za Raya upande wa pili, mkabala na zake. Kisha akakaa, asijue nani aanze.