Mzani wa Ghalani

Fundi wa mitandao alichomeka waya wa mzani mkongwe kwenye seva mpya, ili namba zake zifike kwenye kompyuta za ofisi. Kisha akaenda ofisini, akampigia simu mtunza ghala, ambaye ni mume wake.

“Baba watoto, hebu panda mzani tujaribu.”

Kwenye skrini ikaja kilo arobaini na tisa. Mwaka jana alikuwa na sabini na kitu.

“Shuka, apande mlinzi.”

Kwa mlinzi zikaja themanini na mbili, akasema kwenye simu ndizo zake siku zote.

Fundi alirudi ghalani. Mumewe alikuwa amekaa juu ya gunia, jaketi pana ambalo siku hizi halivui hata nyumbani likiwa wazi, mkanda umetobolewa tundu jipya kwa msumari.

“Tangu lini?”

“Nilidhani nitapona kimyakimya.”

“Inuka, twende hospitali.”