Finya, Shikilia

"Finya," mume wangu Khaemba alisema, nami nikabana breki. "Shikilia."

Akalegeza nati ndogo kwenye gurudumu la baiskeli. Mafuta yakatoka na mapovu, yakadondokea mkebeni.

"Hewa ikibaki kwa hii paipu, breki ni bure," akasema. Tukarudia hivyo mpaka breki zote mbili zikawa ngumu kama jiwe.

Khaemba alikuwa fundi wa baiskeli hapa mtaani kwetu Lindi, lakini breki za mafuta hakuwahi kuzishika kabla ya mzungu aliyekuwa mwajiri wake kumwachia baiskeli hii. Alipomaliza akaipindua, magurudumu juu, kama anavyopindua kila baiskeli, akapaka cheni oili. Kisha akaisimamisha.

"Panda nikupeleke mpaka mtoni."

Nikakaa kwenye chuma, kati yake na usukani. Mvua za El Nino zilikuwa zimechimba mteremko wote. Kule chini akina mama walikuwa wamepiga foleni ya maji, watoto mgongoni.

Tuliposhika kasi nikaona vidole vyake vikibana, karibu kabisa na vyangu. Breki zikalala mpaka zikagusa usukani. Akaachia, akabana tena. Zikalala tena, laini kama unga uliokandwa.

Nikakumbuka vile aliipindua. Mafuta yalikuwa yamehama, na hewa iliyosalia kwenye kikopo cha mafuta pale usukani imepanda kwenye paipu.

Nilisikia pumzi yake shingoni mwangu, ikikatikakatika.

"Finya," akaninong'oneza. "Achia. Finya."

Nikafumba mikono yangu juu ya yake. Mama wa mwisho kwenye foleni akageuka.