Hawa Alihamishiwa Mbinga

Sheria ilitaka kila mwenye kifafa apewe mtu wa kuishi naye na kumshika akianguka. Eufrasia, mjane wa Songea, alipewa Hawa. Waliishi miaka mingi wakipika pamoja na kugombana kuhusu chumvi.

Siku moja daktari akamwambia Eufrasia kwamba akipasuliwa ubongo atapona kabisa.

“Kubali, dada,” Hawa alimsihi huku akimenya viazi. “Juzi nusura uungue.”

“Na wewe je?”

“Watanipeleka kwa mgonjwa mwingine.”

Eufrasia alipasuliwa, akapona. Hawa akahamishiwa Mbinga. Wanakwaya wenzake Eufrasia walikuja kumpongeza, wakaondoka.

Jioni moja alibandika maji ya chai, akajilaza sakafuni, akatikisa mikono kama zamani, akangoja. Maji yalichemka mpaka yakakauka.