Matundu ya Mkanda

"Kiti cha gari chini ya kamba yangu ya nguo, Hiza! Una akili timamu kweli?"

"Nakiondoa kesho, Bi Tausi. Usinipigie kelele."

"Kesho yako ya lini? Shuka zangu zinanuka grisi!"

Ua mzima ulijaa vitu alivyong'oa Hiza kwenye gari lake: viti, mazulia, redio, vioo. Milango ya chuma aliitupa, akamwomba mfua sufuria amfulie mingine ya alumini. Vyuma vilivyobaki alivitoboa kwa keke, tundu baada ya tundu, ili gari liwe jepesi. Jumapili kulikuwa na mashindano ya kupanda mlima, na mwaka jana alishindwa kwa muda wa kupiga chafya tu.

"Mlango huo hata mbuzi akiupiga kichwa unabonyea," alisema Bi Tausi. "Umebakiza nini cha kupunguza?"

"Kilo nne tu."

"Utazitoa wapi, na gari limebaki mifupa?"

Hiza aliinama kuokota keke, suruali ikamteleza, akaiwahi. Bi Tausi akauona mkanda: matundu mapya manne, yaliyotobolewa kwa keke ileile, na ncha yake ikizunguka mpaka mgongoni. Mtaani walikuwa wakinong'ona kwamba anaumwa.

Akazisahau shuka. Aliingia jikoni, akafunua sufuria, akapakua sahani moja, akarudi mlangoni.

"Mwanangu, karibu ndani. Wali umeiva."

Hiza alisimama kizingitini, akiitazama sahani kama mtu anayekisia uzito wake.