Kitufe cha Mlango

Milango ya siku hizi haina vitasa. Kibodi ya ukutani inakutambua kwa kidole, na kila mtu ana mpangilio wake wa vitufe. Shomari, mume wangu, alikifuta kitufe cha kufungua kwenye mpangilio wangu. Nikitaka hata kwenda sokoni, husema, "Niombe vizuri." Alisahau kwamba Linux, programu inayoendesha milango ya nyumba hii, niliisimika mimi.

Nikaisubiri siku ya leo. Leo anamwozesha dada yake, yeye ndiye walii, na bila yeye hakuna ndoa. Katoka chumbani na kanzu ya pasi, akabonyeza, komeo likakaza. Akahamia mpangilio wake wa Kiarabu, kisha wa Kiingereza. Likazidi kukaza.

"Mwajabu, umefanya nini?"

"Kitufe cha kufungua sasa kinafunga. Kwenye mipangilio yote."

"Watu wananisubiri!"

"Niombe vizuri."

Akaniomba, mpaka akapiga magoti. Nilipotikisa kichwa akanikamata mkono, akidhani nimejirudishia kitufe changu, akakibonyeza kwa kidole changu. Komeo likakaza tena.

"Nimesema yote, Shomari. Hata wangu."

Simu yake ikaanza kuita. Nikajimiminia chai. Mimi kufungiwa ndani nimeshazoea. Yeye ndiyo kwanza anaanza.