Mguu wa Bi Tatu Kwenye Breki

Beringi mpya zilikwisha kukaa mahali pake, na sasa Mzee Mbaruku alibakiwa na kukaza nati kubwa ya gurudumu la nyuma. Kazi hiyo haitaki mtu mmoja. Mmoja hukanyaga breki, mwingine hukaza. Kwa miaka thelathini, aliyekanyaga breki ya gari lile jekundu la spoti, pale pale uani, alikuwa mkewe.

Akamshika Bi Tatu mkono, akamkalisha taratibu mbele ya usukani.

"Kanyaga, mke wangu."

Mguu ukakanyaga papo hapo. Mwaka mzima Bi Tatu alikuwa hamjui mumewe, lakini mguu wake haukusahau kitu. Mzee akakaza nati kwa pumzi zake zote, moyo ukimdunda kwa tumaini.

"Haya, achia."

Breki haikuachiwa.

"Achia, Bi Tatu, nizungushe gurudumu nisikie kama bado linavuma."

"Wewe fundi, haraka ya nini?" Bi Tatu akacheka. "Mimi naachia akisema Mbaruku. Gari hili ni mke mwenzangu, ati. Hakuna anayeligusa bila yeye."

"Mbaruku ndiye mimi."

Bi Tatu akamtazama kwenye kioo kwa huruma, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni.

"Basi mngoje, baba. Hajaenda mbali."

Mzee akakaa chini nyuma ya gari. Taa ya breki iliendelea kuwaka, ikatia wekundu kwenye grisi ya viganja vyake.